Haki ya Kupiga Kura Katika Marekani

Wasikilizaji, haki kuandikwa si haki kupatikana. Mwaka wa 1870 Katiba ya Marekani iliongezwa neno, kwamba mtu asinyimwe kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini katika majimbo ya kusini watu weusi walidaiwa kodi ya kura, wakatahiniwa kusoma na kueleza sheria. Na mtahini ndiye aliyeamua atakavyo. Basi hata mwanzo wa 1965, katika Mississippi, kwa kila watu wazima weusi 100, walioandikishwa hawakutimia 7. Mwaka ule ule, baada ya maandamano ya Selma, ilitoka sheria iliyozuia mitihani hiyo. Kufika 1967 walioandikishwa walikuwa karibu 60. Aonaye wapigaji kura ni wachache, na aulize kwanza kama mlango u wazi.