Anajua kunawa mikono ni muhimu, mbona hanawi?

Muulize mtoto wa darasa la tatu kwa nini anapaswa kunawa mikono akitoka chooni. Atajibu bila kusita: vijidudu, kuhara, kipindupindu. Kisha mtazame saa ya mapumziko akikimbilia mihogo ya kukaanga kwa mikono ileile. Nyumbani nako mama hurudia kila jioni, "Nenda kanawe!", mpaka sauti inamkauka.

Mtoto huyo hakosi elimu. Wataalamu wa afya ya jamii walikutana na fumbo kama hilo zamani, tena kwa watu wazima. Miaka ya 1950 nchini Marekani, vipimo vya eksirei vya kugundua kifua kikuu vilisogezwa mitaani kwa magari, lakini wengi hawakujitokeza. Mwanasaikolojia Godfrey Hochbaum akahoji watu wazima zaidi ya 1,200 katika miji mitatu. Miongoni mwa walioamini kwamba ugonjwa ungeweza kuwapata hata bila dalili, na kwamba kuugundua mapema kuna faida, 82 kati ya kila 100 walikuwa wamepiga picha ya kifua. Kwa wasioamini lolote kati ya hayo, walikuwa 21 tu.

Kutokana na kazi hiyo, yeye na wenzake, akiwemo Irwin Rosenstock, walijenga nadharia inayofundishwa hadi leo. Mtu hujipima: ugonjwa huu unaweza kunipata mimi? Ni mzito kiasi gani? Nikichukua hatua nitafaidika nini, na njiani kuna vikwazo gani? Zaidi ya hapo, huhitaji kitu cha kumkumbusha.

Wazazi wengi hukomea kwenye vitisho. Lakini mtoto ameshakula mara nyingi bila kunawa na hakuugua, hivyo kitisho kinaisha makali. Vikwazo ndivyo visivyoangaliwa. Ndoo ya maji iko jikoni, sabuni imefungiwa kabatini isiishe haraka, na kata imetundikwa mahali asipofikia. Hapo hata mtoto mtiifu atapita.

Ndiyo maana kibuyu chirizi kinafaa kuliko hotuba. Ni dumu dogo lililotobolewa, likaning'inizwa kwenye mti karibu na mlango wa choo, na kamba ya kukanyaga kwa mguu ili maji yatiririke. Sabuni huning'inia pembeni. Kinaondoa kikwazo na papo hapo kinakumbusha, maana mtoto hawezi kutoka chooni asikione. Na ukweli usemwe, watoto hupenda kukikanyaga.

Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliongeza jambo jingine: mtu hubadilika akiamini kwamba anaweza. Imani hiyo hukua kwa kujaribu na kufaulu, na kwa kuona wengine wakifanya. Katika nyumba nyingi watu hunawa kabla ya ugali, ila mara nyingi kwa maji matupu. Baba akiomba sabuni kabla ya kumega tonge, somo limeshaingia.

Tanzania ina mfano wake mkubwa. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12. Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakakubaliana la kufanya kijijini kwao, ikiwemo kuchimba vyoo. Aliyeahidi mbele ya majirani hakuwa rahisi kukwepa jembe.

Hata hivyo, mabadiliko hayaendi mbele tu. James Prochaska na Carlo DiClemente, waliochunguza wavutaji sigara wanaojaribu kuacha, walieleza mwaka 1983 kwamba mtu hupitia hatua: hajafikiria, anafikiria, anatenda, anadumisha, na kuteleza kurudi nyuma ni kawaida. Baba ambaye hajawahi kuwaza kuacha sigara hasaidiwi na kupangiwa tarehe ya mwisho. Aliyeanza kuwaza, afadhali aulizwe ni sigara ipi ya siku iliyo ngumu zaidi kuiacha.

Vivyo hivyo kwa mtoto aliyenawa vizuri muhula mzima, akarudi kutoka likizo kwa bibi akiwa ameacha. Huenda huko hakuna kibuyu chirizi. Safari ijayo, dumu tupu la lita 3, kamba na kipande cha sabuni vinaenea kwenye begi lake, na bibi hakosi msumari wa kutobolea.