Wakuu wa polisi wa miji midogo Marekani hutoka wapi?

IJUMAA ya Agosti 11, 2023, maafisa wa polisi waliingia katika ofisi za gazeti la Marion County Record, katika mji wa Marion, jimbo la Kansas nchini Marekani, wakabeba tarakilishi na simu za wanahabari. Walipekua pia nyumba ya mchapishaji wa gazeti hilo, Bw Eric Meyer, alikokuwa akiishi na mamake, Bi Joan Meyer, mwenye umri wa miaka 98, pamoja na nyumba ya naibu meya. Siku iliyofuata, mama huyo mkongwe akaaga dunia.

Polisi walidai kwamba mwanahabari mmoja alikuwa amepata kinyume cha sheria rekodi za leseni ya udereva za mfanyabiashara wa mji huo. Siku tano baada ya msako, mwendesha mashtaka wa kaunti aliibatilisha hati ya upekuzi kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na vifaa vikarudishwa. Wakati huo habari zilikuwa zimekwisha kuenea duniani, na kila mtu alikuwa akiuliza kuhusu aliyeongoza msako huo: Bw Gideon Cody, mkuu wa polisi wa Marion, ambaye alikuwa amekaa katika wadhifa huo miezi michache tu.

Msomaji aliyezoea taratibu za Kenya huenda akadhani kwamba Bw Cody alitumwa Marion na makao makuu fulani, jinsi OCS wa Maralal au wa Mwingi anavyopokea barua ya uhamisho kutoka Nairobi. Hapa nchini polisi ni huduma moja ya kitaifa. Konstebo hufuzu mafunzo, aghalabu huko Kiganjo, kisha hupanda ngazi moja baada ya nyingine: koplo, sajini, inspekta na kuendelea. Popote anapopelekwa huwa yu chini ya Inspekta Jenerali, na Katiba ya 2010 imeikabidhi Tume ya Huduma ya Polisi masuala ya kupandishwa vyeo na uhamisho. Mkazi wa Mwingi haulizwi anamtaka OCS wa namna gani.

Marekani haina mfumo kama huo. Ina mashirika ya polisi yapatayo 18,000, na kila moja lina mwajiri wake. FBI, ambayo wengi hudhani ndiyo makao makuu, hushughulikia makosa yaliyo chini ya sheria za serikali kuu na haina uwezo wa kumhamisha wala kumfuta kazi mkuu wa polisi wa mji wowote. Sherifu naye ni mtu tofauti: huchaguliwa kwa kura na wakazi wa kaunti nzima. Mkuu wa polisi wa mji kwa kawaida hapigiwi kura. Huajiriwa na meya pamoja na baraza la mji, au na meneja ambaye baraza limemkabidhi shughuli za kila siku.

Takriban nusu ya idara za polisi za miji nchini humo zina maafisa wasiofika kumi. Mkuu wa idara ya aina hiyo hana msafara wala msaidizi wa kumfungulia mlango. Huendesha gari la doria mwenyewe, hufika penye ajali usiku, huandikia madereva hati za faini, na kesho yake huketi mbele ya baraza akiomba fedha za matairi.

Kiti hicho hufikiwa kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya mwenyeji. Kijana huanza akiwa afisa wa doria katika mji alimozaliwa, huwa sajini, pengine luteni iwapo idara ina nafasi ya luteni, kisha humngoja mkubwa wake astaafu. Wenye bahati hupelekwa Quantico, jimbo la Virginia, ambako FBI huendesha chuo cha viongozi wa polisi kilichoanzishwa 1935. Kozi yake huchukua majuma kumi. Njia hii ni ndefu, na katika idara ya watu watano mtu anaweza kuzeeka akingoja.

Njia ya pili ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Katika idara nyingi kubwa za mijini, afisa huweza kustaafu baada ya kuhudumu miaka 20 au 25, wakati bado ana nguvu na watoto wangali vyuoni. Huku akilipwa pensheni kila mwezi, hutafuta kazi ya pili. Mji mdogo nao hutafuta mtu mwenye uzoefu ambao hauwezi kuulipia kwa bei yake halisi. Pensheni ndiyo inayoziba pengo, na kila upande huona umepata. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Marion, mji wenye wakazi wapatao 1,900. Bw Cody alikuwa amehudumu miaka 24 katika polisi wa Kansas City, jimbo jirani la Missouri, akafikia cheo cha kapteni. Huko alilipwa zaidi ya dola 115,000 kwa mwaka. Marion ilimwajiri kwa dola 60,000.

Mtu anayekubali kupoteza karibu nusu ya mshahara wake ana sababu. Huenda ni pensheni, huenda ni hamu ya utulivu wa mashambani. Gazeti la Marion lilikuwa limepokea fununu kuhusu mwenendo wake huko atokako hata kabla ya msako, lakini halikuzichapisha kwa kuwa watoa habari hawakutaka kutajwa. Baada ya msako, gazeti la Kansas City Star liliripoti kwamba kabla ya kuondoka alikuwa akikabiliwa na uwezekano wa kushushwa cheo. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakichunguza historia ya mkuu huyo, kazi ambayo baraza lilipaswa kuimaliza kabla ya kumwajiri, ndio waliopokonywa tarakilishi.

Si kwamba kila mstaafu anayehamia mji mdogo ana la kuficha. Wengi hufanya kazi safi na hawatajwi magazetini hata siku moja. Shida ni kwamba mji mdogo hauna uwezo wa kuwabagua hao na wengine. Mnamo 2020, wasomi wawili wa sheria, Ben Grunwald na John Rappaport, walichapisha katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Yale utafiti kuhusu maafisa wa jimbo la Florida katika kipindi cha miaka 30. Waligundua kwamba, kwa wastani wa kila mwaka, takriban asilimia tatu ya maafisa waliokuwa kazini walikuwa wamewahi kufutwa na idara nyingine ya jimbo hilo. Maafisa hao walielekea kupata ajira katika idara ndogo zenye uwezo mdogo, na walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufutwa tena.

Majimbo huweza kumpokonya afisa cheti cha kazi, lakini si yote yaliyokuwa na sheria hiyo tangu zamani. California, jimbo lenye watu wengi kuliko yote, haikuwa na uwezo huo hadi ilipopitisha sheria mnamo 2021. Ipo orodha ya kitaifa ya waliopokonywa vyeti, ila aliyejiuzulu mapema, kabla uchunguzi haujakamilika, anaweza kuondoka na cheti chake mfukoni.

Mfano wa Tioga, kijiji cha Pennsylvania chenye mamia machache ya wakazi, unatosha. Mnamo Julai 2022, baraza lake lilimwajiri Bw Timothy Loehmann awe afisa pekee wa polisi wa mahali hapo, yaani mkuu na askari kwa pamoja. Huyu ndiye aliyempiga risasi na kumuua mtoto Tamir Rice, mwenye umri wa miaka 12, mjini Cleveland mnamo 2014, na ambaye baadaye alifutwa kazi kwa kutosema kweli katika fomu ya maombi kuhusu kazi aliyotangulia kuifanya. Wakazi walipopata habari walikuja juu, naye akajiondoa baada ya siku chache.

Kwa nini mabaraza hayachagui kwa uangalifu zaidi? Mara nyingi waombaji ni wachache mno. Agosti hiyo hiyo ya 2023, katika mji wa Goodhue, jimbo la Minnesota, mkuu wa polisi aliliambia baraza kwamba kwa malipo ya dola 22 kwa saa hakuna angekubali kuja. Kisha akajiuzulu, na maafisa wake wote wakamfuata. Mji ukalazimika kuomba ulinzi kwa sherifu wa kaunti.

Hata aliyeajiriwa vyema hulazimika kumridhisha anayemlipa. Ferguson, jimbo la Missouri, mji uliokuwa na wakazi wapatao 21,000 mnamo 2010, ni mkubwa kuliko hiyo mingine. Bw Thomas Jackson alichukua uongozi wa polisi wake mnamo 2010 baada ya kuhudumu zaidi ya miaka 30 katika polisi wa kaunti ya St Louis. Mnamo 2014, afisa wa idara yake alimuua kijana Michael Brown na maandamano yakazuka. Ripoti ya Wizara ya Haki ya Marekani, iliyotolewa Machi 2015, ilionyesha kwamba wakuu wa mji walikuwa wakimshinikiza Bw Jackson aongeze faini ili kujaza hazina. Faini na ada zilitarajiwa kuleta zaidi ya moja ya tano ya mapato ya bajeti ya kawaida ya mwaka huo. Waliobebeshwa mzigo huo hasa walikuwa wakazi weusi. Bw Jackson alijiuzulu mwezi huo huo.

Hapa Kenya OCS hamwogopi diwani, kwa maana diwani hana uwezo wa kumwondoa. Mwenye malalamiko huyapeleka mbali, kwa wakubwa wake Nairobi au kwa mamlaka ya IPOA. Kule mlalamishi humkuta mwajiri wa polisi dukani. Ukaribu huo una faida yake, na ulionekana Marion: meya alimsimamisha kazi Bw Cody mwishoni mwa Septemba 2023, naye akajiuzulu siku chache baadaye. Agosti 2024 alishtakiwa kwa kosa la kuingilia mchakato wa haki, akidaiwa kumshawishi shahidi afute jumbe za simu walizoandikiana.

Novemba 2025, Kaunti ya Marion, ambayo ofisi yake ya sherifu ilishiriki kuandaa na kutekeleza hati za upekuzi, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni tatu na kuomba radhi. Kaunti hiyo nzima ina wakazi wasiofika 12,000.