Ajali ya mti ina kinga

Katika vijiji vya Bukoba na Muleba miti iko kila mahali. Iko ndani ya kibanja, kati ya migomba na mibuni. Iko nyuma ya jiko. Iko kando ya barabara na shule. Mihumula hutupatia mbao. Mikaratusi hutupatia nguzo na kuni. Miparachichi na mifenesi hutupatia matunda na kivuli.

Siku moja mti huo hubidi ukatwe, au upunguzwe matawi. Labda umeinamia nyumba. Labda kivuli chake kimezidi, na mibuni haizai vizuri. Ndipo mkata miti huitwa. Huja na panga, shoka na kamba. Siku hizi huja pia na msumeno wa moto.

Kazi yake ni ya heshima. Inalisha familia na kusomesha watoto. Lakini duniani kote kazi ya kukata miti ni mojawapo ya kazi zenye hatari kubwa. Mtu akianguka kutoka mtini anaweza kufa, au kuvunjika mgongo na asitembee tena. Hapo mke, watoto na wazee waliomtegemea nao huumia.

Ajali ikitokea, wengi wetu husema, "Ajali haina kinga." Wengine huanza kumtafuta mchawi. Hebu tuulize maswali mengine. Je, kamba ilikuwa imeoza? Je, tawi lilikuwa limekauka? Je, gome lilikuwa limelowa mvua? Je, mkataji alikuwa na haraka? Mambo haya yote huonekana kabla ya ajali. Jambo linaloonekana mapema linaweza kuepukwa.

Tazama kwanza, kata baadaye

Zamani wapasua mbao walitumia msumeno mrefu wa watu wawili. Mmoja alisimama juu ya gogo, na mwenzake alisimama chini. Kazi ilikwenda polepole. Leo msumeno wa moto huangusha mti mkubwa kwa dakika chache. Kazi imekuwa ya haraka, na hatari nayo imekuwa ya haraka.

Kwa hiyo kabla ya kugusa mti, uzunguke wote. Tazama mambo haya:

1. Mti umeinamia upande gani?
2. Juu kuna matawi makavu, au tawi lililovunjika na kuning'inia?
3. Shina lina tundu au limeoza ndani? Ligonge kwa kisogo cha shoka. Likitoa sauti ya ngoma, huenda ndani ni tupu.
4. Kuna mzinga wa nyuki au nyoka?
5. Kuna nyaya za umeme karibu?
6. Upepo unavuma kutoka wapi?

Kumbuka hali ya hewa ya kwetu. Bukoba hupata mvua nyingi, karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua kubwa hunyesha kati ya Machi na Mei. Wakati huo magome huteleza na udongo hulegea. Upepo wa ziwani nao huweza kuanza ghafla. Mvua ikinyesha, au ukisikia radi, shuka. Mti utakungoja mpaka kesho.

Pima mti kwa fimbo

Watu wengi hudhani mti ni mfupi kuliko ulivyo. Wanasimama karibu, na matawi ya juu yanawapiga. Unaweza kupima urefu wa mti bila kupanda.

Chukua fimbo iliyonyooka. Nyosha mkono mbele yako. Fimbo inayobaki juu ya ngumi yako iwe na urefu sawa na kutoka jichoni mpaka kwenye ngumi. Isimamishe wima. Funga jicho moja. Sasa rudi nyuma polepole. Simama pale ambapo ncha ya fimbo inalingana na ncha ya mti, na ngumi yako inalingana na chini ya shina. Hesabu hatua kutoka hapo mpaka kwenye mti. Hizo hatua ndizo urefu wa mti, kama uwanja ni tambarare.

Watu wengine wakae mbali mara mbili ya urefu huo. Kama mti una hatua 20, wao wakae hatua 40. Watoto hupenda kuja kutazama mti ukianguka. Mweke mtu mzima mmoja wa kuwazuia, na kuwazuia wapita njia. Mifugo pia iondolewe.

Kuangusha mti

Kabla ya kukata, fyeka njia ya kukimbilia. Njia hiyo iende nyuma na pembeni. Usikimbie nyuma moja kwa moja, kwa sababu shina likikatika huweza kuruka nyuma kwa nguvu. Ondoa migomba iliyolala, visiki na kamba. Vitu hivyo vinaweza kukukwaza.

Kisha kata hivi:

Kwanza, kata mdomo upande ambao mti utaangukia. Mdomo huo uingie kiasi cha robo ya unene wa shina.

Pili, kata upande wa nyuma, juu kidogo ya kona ya mdomo. Usikate mpaka mwisho. Acha kipande cha mti katikati. Kipande hicho hufanya kazi kama bawaba ya mlango. Ndicho kinachouongoza mti. Shina lenye unene wa sentimeta 40 liachiwe bawaba ya sentimeta 4 hivi. Ukiikata bawaba yote, mti huanguka unakotaka wenyewe.

Tatu, mti ukianza kuinama, acha kukata. Ondoka kwa njia yako, huku ukitazama juu.

Wakati mwingine mti hukwama juu ya mti mwingine. Hapo hatari ni kubwa sana. Usipite chini yake. Usiukate ule mti ulioushikilia. Usipande kuutikisa. Zuia watu wote, kisha uvuteni kwa kamba ndefu mkiwa mbali, au mwiteni fundi mwenye vifaa.

Kupanda na kupunguza matawi

Matawi ya mparachichi na mkaratusi huvunjika ghafla. Kanyaga karibu na shina, ambapo tawi ni imara. Usikanyage tawi kavu hata kidogo.

Jifunge kwenye shina kwa mkanda wa usalama na kamba nzima. Kamba iliyofunga ng'ombe mwaka mzima isibebe mtu. Ikague kila asubuhi. Ikiwa na nyuzi zilizokatika, itupe.

Usipande na panga mkononi. Panda kwanza, kisha mwenzako alifunge kwenye kamba nyembamba, nawe ulivute juu. Mwenzako asisimame chini ya mahali unapokata. Msumeno wa moto usipande nao mtini kama hukufundishwa kazi hiyo.

Tawi zito likatwe kwanza kutoka chini, robo ya unene wake. Kisha lipasuliwe kutoka juu. Ukikata kutoka juu tu, tawi huchanika na gome lake, na huweza kukugonga.

Tena, usipande mti ukiwa umekunywa rubisi au pombe nyingine. Rubisi ni ya jioni, kazi ikiisha na vyombo vikishawekwa ndani.

Msumeno wa moto

Ushike kwa mikono miwili wakati wote. Usikate juu ya mabega. Usiguse kitu kwa ncha ya juu ya msumeno, kwa maana utaruka nyuma kuelekea uso wako. Kabla ya kuanza, hakikisha breki ya mnyororo inafanya kazi.

Usitie petroli injini ikiwa ya moto, wala ukiwa unavuta sigara.

Kelele za msumeno huzidi desibeli 100. Kelele ya desibeli 85 ikisikika saa 8 kila siku hudhuru masikio. Kama masikio yako hulia jioni baada ya kazi, yameanza kuumia. Uziwi huo hauna dawa ya kuuondoa, bali unazuilika kwa vizibo vya masikio. Mtikisiko wa msumeno nao hufanya vidole vife ganzi. Pumzika mara kwa mara.

Vaa kofia ngumu, miwani, suruali nzito na viatu vigumu. Kandambili si viatu vya kazi hii.

Nyaya za umeme

Siku hizi umeme umefika vijijini kwetu. Mti mbichi hupitisha umeme. Mti ukigusa waya, anayeushika huweza kufa. Kama mti uko karibu na waya, usiukate. Toa taarifa TANESCO ili wakate umeme kwanza. Waya ukianguka chini, kaa hatua 15 au zaidi. Usimguse mtu aliyenaswa kabla umeme haujakatwa, hata kama ni ndugu yako.

Mtu akiumia

Aliyekatwa na kutoka damu: Weka kitambaa safi juu ya jeraha. Bonyeza kwa nguvu kwa kiganja. Usifunue kutazama. Damu ikipenya, ongeza kitambaa kingine juu yake, uendelee kubonyeza. Usitie udongo, majivu wala majani. Hospitalini ulizeni pia juu ya chanjo ya pepopunda.

Aliyeanguka kutoka juu: Usimwinue. Usimkalishe. Usimpe maji. Huenda mfupa wa mgongo umevunjika, na kumwinua kunaweza kumlemaza kabisa. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke. Wengine wanne au watano wamnyanyue pamoja, kwa sauti moja, wamlaze juu ya ubao au mlango uliong'olewa. Mfungeni asitikisike. Msimpakie kwenye bodaboda katikati ya watu wawili. Tafuteni gari.

Mpelekeni mapema. Bukoba kuna hospitali ya rufaa ya mkoa. Muleba kuna hospitali za Rubya, Ndolage na Kagondo. Andikeni sasa namba ya simu ya mwenye gari kijijini, kabla ya kuihitaji.

Wewe mwenye mti

Mkataji akilipwa kwa mti, hukimbilia mti wa pili. Ukimpunguzia bei, atakuja bila msaidizi na bila kamba nzuri. Kwa hiyo patana naye bei inayotosha watu wawili na vifaa. Pia ulizeni ofisi ya kijiji na ofisa misitu kuhusu kibali.

Kama umeajiriwa, sheria inakulinda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri ndiye anayechangia, si wewe. Muulize mwajiri wako kama amejiandikisha.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Nanyi someni ukurasa huu pamoja. Mwenye kusoma amsomee asiyesoma. Kisha nendeni mkakague kamba zenu.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chetu, ni miti ipi imeinamia nyumba, njia au nyaya za umeme?
2. Wakata miti wetu wana vifaa gani? Wanakosa vipi? Je, tunaweza kununua mkanda na kofia kwa kuchangiana?
3. Mtu akianguka leo, nani ana gari, na nani anajua kumbeba?