Tuzibe Tundu la Bomba la Moshi Kabla ya Mvua



Katika nyumba nyingi za zamani huku kwetu Kitui na Makueni, utakuta tundu kwenye paa ambalo halina kazi tena. Hapo ndipo bomba la moshi lilipotokea. Jiko lilihamishwa, bomba likang'olewa, na tundu likafunikwa kwa kipande cha bati na jiwe juu yake. Wakati wa jua hakuna anayelikumbuka. Mvua ya Novemba ikianza, ndipo tunakimbizana kusogeza magunia.

Hasara yake ni gani?

Tundu halipokei tu mvua inayoliangukia. Maji yanayoteremka kutoka juu yake huingia pia. Tuseme lina upana wa sentimita 15, na liko mita 4 chini ya kilele. Milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ni lita 1. Basi msimu ukileta milimita 300, tundu hilo litameza karibu lita 180, yaani mitungi 9 ya lita 20. Maji hayo yangeenda kwenye tangi. Sasa yanalowesha mahindi.

Na mahindi yaliyolowa huota ukungu, na ukungu huweza kuleta sumu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa.

Kwa nini kiraka huvuja?

Wengi wetu huweka kipande juu ya tundu na kukizungushia lami. Lakini bati hutanuka mchana na kunywea usiku. Lami hupasuka, na maji huingia kwa upande wa juu. Tukumbuke paa la nyasi: nyasi za juu hulalia za chini. Kiraka nacho kiingie chini ya bati la juu yake.

Namna ya kufanya

1. Tafuta bati lenye mawimbi sawa na la zamani. Likate lianzie chini ya kofia ya paa, au chini ya maungio ya bati la juu, lipite tundu kwa sentimita 15 au zaidi. Kila upande lizidi tundu kwa mawimbi 2.

2. Kwa ndani, gongomea vibao juu na chini ya tundu. Mbao zilizooza zibadilishwe.

3. Legeza misumari ya kofia polepole, kisha sukuma kiraka chini yake.

4. Tumia misumari ya mabati yenye raba. Igongwe kwenye mgongo wa wimbi. Bondeni ndiyo njia ya maji.

5. Mwaga ndoo ya maji kutoka kileleni, mwenzako akitazama kutoka ndani.

Tahadhari

Kama maji ya paa ni ya kunywa, usitumie lami, risasi wala rangi yenye risasi. Mvua ya kwanza imwagike nje ndipo ufungulie tangi. Paa la asbesto usilikate wala kulitoboa, maana vumbi lake huharibu mapafu. Panda asubuhi kabla bati halijapata moto, ngazi ishikwe, na ukanyage penye mistari ya misumari tu.

Hii ni kazi nzuri ya mwethya. Kikundi kikinunua makasi moja ya mabati, kinaweza kuzunguka nyumba kwa nyumba mwezi wa Septemba. Tuanze na nyumba za wajane na wazee, ambao hawawezi kupanda paa wenyewe.