Kuvu Katika Karanga na Mahindi

Mama wa Nizi, ukifungua gunia la karanga ukaona nyingine zimeota kuvu ya kijani, au zimesinyaa na kuwa nyeusi, unafanya nini nazo? Wengi huzipangusa kwa kitambaa, wakazikaanga kwa moto mkali, wakazisaga na kuzitia katika sombe. Wengine huwapa kuku. Sikiliza sasa kwa nini kufanya hivyo ni hatari.

Kuvu ni kitu chenye uhai, nacho hukua juu ya chakula chenye unyevu. Namna fulani ya kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii huioni kwa macho, wala moto wa jikoni hauiondoi. Ukipangusa kuvu, umeondoa nguo tu. Sumu imebaki ndani. Ugali waweza kuiva vizuri na kunukia vizuri, na sumu ingalimo.

Watu walijuaje habari hii? Mwaka 1960, katika Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Waganga wa wanyama walitafuta ugonjwa wa kuambukiza, wasiuone. Mwisho walikuta ni chakula chao: mashudu ya karanga kutoka Brazili, yaliyokuwa na kuvu. Halafu, miaka ya 1966 na 1967, vyakula vya akiba vilipimwa Uganda, ng'ambo ya Ziwa Albert, karibu na sisi. Katika vipimo 480, karibu 3 kwa kila 10 vilikutwa na sumu hiyo. Na mwaka 2004, mashariki ya Kenya, zaidi sana Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Hawakupewa sumu na adui. Walikula mahindi yaliyowekwa akiba yangali na unyevu.

Kufa ghafula namna hiyo si jambo la kila siku. Mara nyingi sumu huingia kidogo kidogo, miaka mingi, ikiharibu ini. Mwishowe mtu hupata kansa ya ini, na hatari ni kubwa zaidi kwake aliye na virusi vya hepatiti B. Tumbo linavimba, mwili unakonda, na nyumbani watu wanamtafuta aliyemroga!

Baridi ya milima yetu ya Djugu isikudanganye. Mavuno ya mwezi wa saba huja mvua ingali inanyesha, na mahindi hukawia kukauka. Tena kuna kuvu nyingine zinazopenda baridi na unyevu, nazo zina sumu zao. Kwa hiyo usianike juu ya udongo mtupu. Tandika mkeka au bashi, na mawingu yakija, kusanya upesi. Ukitaka kujua kama mahindi yamekauka, twaa chupa safi iliyo kavu, tia punje kiasi cha robo ya chupa na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, uache kwa dakika chache. Chumvi ikishika ukuta wa chupa, rudisha mahindi juani. Isiposhika, tia katika gunia, na gunia liwekwe juu ya miti, mbali na ukuta, pasipovuja.

Twajua kwamba miaka hii wengi wamevuna mbio kwa sababu ya vita, na wengine wanaishi kambini, chakula na watoto chini ya bashi moja. Hatuwahukumu. Lakini hata kambini mama aweza kuchambua, na kuchambua ni kazi yenye faida kubwa, maana mara nyingi sumu imejaa katika punje chache tu. Katika nchi ya Gine watu wa vijiji 10 walifundishwa kuchambua karanga kwa mkono, kuzianika juu ya mikeka na kuweka magunia juu ya mbao. Habari zao zilichapwa mwaka 2005: miezi 5 baada ya mavuno, sumu katika damu yao ilikuwa chini ya nusu ya ile ya wenzao wa vijiji vingine 10. Hawakutumia mashine kubwa wala dawa ya bei kali.

Lakini zile mbaya zitakwenda wapi? Hapo ndipo mioyo yetu inapojaribiwa. Mmoja anaziuza kwa watengenezaji wa pombe; mwingine anazisaga na kupeleka unga kwa wachimba dhahabu, kwa kuwa hawajui kilichomo. Je, hao si jirani zako? Wala usimpe kuku au bata. Bata mdogo hufa upesi sana. Ng'ombe akila, sumu nyingine hutoka katika maziwa, na maziwa hayo anakunywa mtoto wako. Chimba shimo, uzike. Twajua inauma kuzika chakula wakati wa njaa, lakini kile si chakula tena.

Na kama watu wa nyumba moja wameanza kutapika, tumbo linauma, na macho yanakuwa manjano, msingoje. Waleteni hospitalini siku ileile, pamoja na mahindi kidogo au unga waliokula, na wengine nyumbani wasile tena katika gunia lile.