Mchoro wa Ghorofa Unapofika kwa Mhandisi

Mkazi anayetaka kujenga ghorofa mjini Isiolo anahitaji idhini ya kaunti, na michoro ya muundo huandaliwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Katikati ya kazi hiyo kuna hatua ambayo mwenye ploti haioni: mchoro wa kompyuta kuhamishiwa kwenye programu inayokokotoa uzito na nguvu.

Msanifu huchora nguzo na boriti kwa unene wake. Programu ya hesabu hutaka mstari mmoja tu, unaopita katikati ya kila kimoja. Nguzo ikiwa na upana wa milimita 300, boriti iliyochorwa hadi ukingoni mwake huishia milimita 150 kabla ya mstari huo. Kwa macho zimeshikana. Kwa kompyuta, boriti inaning'inia, na uzito wa sakafu haufiki kwenye nguzo hiyo wala msingi wake.

Vipimo navyo huchanganyika. Faili ya milimita ikisomwa kwa mita, boriti ya mita 6 huwa ya kilomita 6. Kosa hilo angalau hujitangaza. Pengo la milimita 2 halionekani kwenye skrini, na ndilo la kuogopwa zaidi.

Kwa hiyo mhandisi huunganisha ncha zote, kisha hukadiria kwa mkono uzito unaostahili kufika kwenye kila nguzo na kuulinganisha na majibu ya programu. Mwenye ploti anaweza kuomba aonyeshwe ukurasa huo kabla ya zege kumwagwa.