Maradhi ya Fizi ya Paka: Kwa Nini Kung'oa Meno Kwaweza Kuwa Tiba

Katika nyumba nyingi za Magomeni, kuanzia Mapipa hadi Kagera, paka ni mkazi anayejulikana na kila mpangaji. Yeye ndiye mlinzi wa gunia la mchele dhidi ya panya, na samaki wanapoparwa uani yeye huwa wa kwanza kufika. Lakini hutokea siku ambapo paka huyo, akiwekewa matumbo ya samaki, hukimbilia chombo, huonja, kisha hulia na kuruka nyuma kana kwamba chakula kimemng'ata. Mate humdondoka, manyoya yamemtimka kwa kuwa haja­jilamba kwa siku nyingi, na kinywa chake chanuka. Watu wa nyumbani husema amezeeka, au anadeka. Mara nyingi sivyo. Njaa anayo, ila kinywa chamuuma.

Makala haya yanaeleza chanzo cha maumivu hayo, na yanajibu swali ambalo humtia wasiwasi kila mwenye paka pale daktari wa mifugo anaposhauri meno yang'olewe: je, mnyama alaye nyama ataishi vipi bila meno?

Meno ya paka na kazi yake

Paka mzima ana meno 30: meno madogo ya mbele 12, chonge 4 na magego 14. Hesabu hiyo ni sawa na ya simba, kwani paka wa Magomeni Mikumi na simba wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni wa jamii moja. Chonge hutumika kuulia mawindo. Magego ya paka hayana uso bapa wa kusagia kama ya binadamu, bali yana makali yanayopishana mfano wa makasi. Tena taya lake hupanda na kushuka tu. Haliendi upande huu na huu kama la ng'ombe anapocheua. Kwa hiyo paka hasagi chakula. Hukata vipande na kumeza. Jambo hilo tulikumbuke, maana jibu la swali letu limo humo.

Ukoga, ugaga na fizi

Juu ya kila jino hutanda utando laini wa bakteria uitwao ukoga. Usipoondolewa, madini ya chokaa yaliyomo katika mate huugandisha ukawa ugaga, yaani tabaka gumu la rangi ya manjano au kahawia. Ugaga una uso wa kukwaruza, nao huwapa bakteria wengine mahali pa kushika.

Mwili hupambana na bakteria hao kwa kupeleka damu na chembe nyeupe kwenye fizi. Fizi huwa nyekundu na kuvimba. Katika hatua hii ugonjwa waweza kurudi nyuma iwapo meno yatasafishwa. Ukiachwa, bakteria huteremka chini ya ufizi, nyuzi zinazolishika jino hukatika na mfupa wa taya huliwa. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa njia hiyo haurudi kwa kusafisha meno peke yake. Ndiyo maana wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kinga inapopita kiasi

Baadhi ya paka hupatwa na ugonjwa mkali zaidi. Kinga ya mwili huupokea ukoga kidogo tu kwa hasira isiyo na kipimo, na kinywa chote, hata nyuma karibu na koo, huwa chekundu kama kidonda kibichi. Chanzo chake hakijabainika kikamilifu. Hata hivyo, virusi vya kalisi, ambavyo huleta mafua ya paka, huonekana mara nyingi kwa wagonjwa hawa. Paka hupimwa pia virusi vya upungufu wa kinga vya paka, vilivyogunduliwa huko California, Marekani, mwaka 1986. Virusi hivyo havimwambukizi binadamu.

Kwa nini meno yang'olewe

Katika ugonjwa wa namna hii, dawa za kuua bakteria huleta nafuu ya muda, kisha uvimbe hurudi. Sababu ni wazi. Bakteria wanahitaji uso mgumu wa kushika, na uso huo ni jino. Jino likiondolewa pamoja na mizizi yake yote, ukoga hukosa makao na kinga hupoteza kitu cha kushambulia.

Kazi hii hufanywa paka akiwa amelazwa kwa nusukaputi. Inafaa pia apigwe picha ya eksirei, kwa sababu kipande cha mzizi kilichosalia ndani ya taya chaweza kuendeleza uvimbe. Mara nyingi huondolewa magego yote. Pengine hata chonge na meno ya mbele. Takribani paka wawili katika kila watatu hupona kabisa au hupata nafuu kubwa, ingawa nafuu hiyo yaweza kuchukua wiki au miezi. Waliobaki huhitaji kuendelea na dawa za kutuliza kinga.

Sasa twarudi kwenye swali letu. Kwa kuwa paka hakuumbwa kusaga chakula, akikosa magego hupoteza makasi tu. Akipewa chakula laini, kama samaki waliochemshwa na kuondolewa miiba au nyama iliyosagwa, hukiramba na kumeza. Wengi huanza kula vizuri katika siku chache za mwanzo. Hawezi tena kuwa mwindaji hodari, na ni wajibu wa wenye nyumba kumlisha. Kilichokuwa kikimkondesha hakikuwa upungufu wa meno, bali maumivu ya meno yaliyokuwapo.

Hatari mbili za kuepuka

Ya kwanza ni huruma isiyo na elimu. Mtu amwonapo paka anaumwa, humpa kidonge cha parasetamoli alichonunua dukani. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuibadili dawa hiyo na kuitoa mwilini kama ini la binadamu. Mabaki yake yenye sumu huharibu chembe nyekundu za damu, damu ikashindwa kuchukua oksijeni. Kidonge kimoja cha miligramu 500 chaweza kumuua paka wa kilo 4. Dawa ya maumivu na itoke kwa daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania.

Ya pili ni kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao bado upo nchini na huwapata paka pia. Paka anayedondokwa na mate si lazima awe mgonjwa wa fizi. Mwanafunzi asithubutu kufungua kinywa cha paka shume wa sokoni au mtaani. Anayeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kuchelewa.

La kufanya nyumbani

Mtazame paka anapokula. Je, anatafunia upande mmoja? Anaangusha vipande? Anajikwaruza mdomo kwa mguu? Andika uyaonayo pamoja na tarehe, umpelekee daktari maelezo hayo. Paka aliyekataa chakula kabisa asingojewe hata siku ya pili ipite, kwani mafuta yaweza kujaa katika ini lake na kumletea ugonjwa mwingine wa kufisha. Paka mchanga aweza kuzoeshwa mswaki laini, bila dawa ya meno ya binadamu.

Paka hana lugha ya kusema kwamba jino linamuuma. Anayo njia moja tu ya kueleza, nayo ni kukikimbia chakula anachokitamani. Anayeifahamu dalili hiyo hatasema tena kwamba paka anadeka.